Farasi wa sita huenda ndiye aliyekimbia vizuri kuliko wote: kusoma safari ya mbio kabla ya kubeti

Kwenye vibanda vya kubeti vya Ngamiani, mjini Tanga, mchana mbio za Afrika Kusini zinapoanza, mazungumzo huwa mafupi.

"Shikamoo mzee. Namba saba vipi leo?"

"Marahaba. Mara ya mwisho kawa wa sita huyo, mwanangu. Muache."

Kijana anamuacha, anamchukua aliyekuwa wa kwanza au wa pili, mkeka (tiketi moja ya farasi kadhaa ambao wote lazima washinde) unafungwa. Uamuzi wote umesimama juu ya tarakimu moja iliyochapwa pembeni ya jina.

Tarakimu ile inasema farasi alifika wa ngapi. Alifikaje, haisemi. Farasi aliyezunguka kona nzima kwa nje, katika mbio zilizoanza polepole, akafika wa sita, anaweza kuwa amefanya kazi kubwa kuliko aliyeshinda kwa kuambaa na uzio bila kuguswa na mtu. Njia aliyopita farasi tangu geti kufunguka mpaka mstari wa mwisho ndiyo safari ya mbio. Kazi ya anayeisoma ni kuigeuza njia hiyo kuwa mita na sekunde, kisha kujiuliza kama bei ya leo, yaani mara ngapi ya dau lako utalipwa akishinda, imeshalijua jambo hilo au bado.

Watu wa bahari hawahitaji kubembelezwa wakubali. Ngalawa zikishindana mbele ya Raskazone, wajuzi hawaangalii tu ipi imegusa mchanga kwanza. Huangalia nani alikuwa upande wa goshini, unakotoka upepo, nani alizibiwa upepo na tanga la mwenzake, nani alilazimika kulizunguka boya kwa nje kwa kuwa wawili wamembana ndani. Ngalawa ikiwa ya tatu kwa safari ya namna hiyo, mara nyingine wanaitaja kwa heshima. Farasi anastahili jicho lilelile.

Kabla ya yote, hakikisha ni farasi wa kweli. Skrini nyingi za vibandani huonyesha mbio za kompyuta kila baada ya dakika chache, na kwa mbali zinafanana na za kweli. Matokeo ya mbio hizo huchaguliwa na programu kwa nasibu. Farasi wa kompyuta hachoki, habanwi, na hana historia. Alichofanya saa tatu hakihusiani hata kidogo na atakachofanya saa tatu na nusu. Mbio za kweli utazitambua kwa jina la uwanja, jina la mpanda, jina la mkufunzi, uzito kwa kilo, namba ya geti na orodha ya mbio zilizopita zenye tarehe. Viwanja kama Turffontein cha Johannesburg, Greyville cha Durban, Kenilworth cha Cape Town na Ngong cha Nairobi ni vya namna hiyo. Kumbuka tu kwamba saa ya Afrika Kusini iko nyuma ya yetu kwa saa moja: mbio iliyoandikwa saa saba mchana kwao, Tanga ni saa nane.

Kona ndiyo inayokula mita

Tuanze na kitu kinachopimika. Chukua sufuria, zungushia kamba ukingoni, upime urefu wake. Sasa weka kamba nyingine ya kuizunguka sufuria ileile, lakini mbali na ukingo kwa sentimita 10 pande zote. Itazidi ile ya kwanza kwa sentimita 63 hivi. Rudia kwa sinia kubwa la pilau. Wengi hutegemea ongezeko libadilike. Halibadiliki, ni sentimita 63 zilezile. Ukubwa wa duara hauna kazi hapa. Kinachohesabika ni umbali wako kutoka ukingoni na kiasi cha mzunguko ulichozunguka.

Uwanja wa farasi ni sinia hilo. Kona ya nusu duara humwongezea farasi mita 3.14 kwa kila mita moja aliyo nje ya mwenzake. Kona ya robo duara humwongezea mita 1.57. Haijalishi kama kona ni kali au imelegea. Farasi wa mashindano kutoka puani hadi mkiani ana urefu wa mita 2.4 hivi, na urefu huo ndio kipimo cha mbio duniani kote: "kashindwa kwa urefu wa farasi wawili", "kwa shingo", "kwa kichwa". Kwa hiyo aliyekuwa nje kwa mita 3 katika kona nzima ya nusu duara amekimbia mita 9.4 zaidi, yaani karibu urefu wa farasi wanne. Matokeo yakisema alishindwa kwa urefu wa farasi wawili, mita alizokimbia zinasema jambo jingine kabisa.

Kuhesabu umbali wake kutoka uzioni, simamisha video katikati ya kona. Hesabu farasi waliopo kati yake na uzio. Kila mmoja anachukua mita moja na kidogo. Usiamini kamera ya pembeni peke yake, kwa sababu huwabana farasi pamoja na kuficha nafasi kati yao. Picha ya kutoka mbele, au ya kutoka juu, ndiyo inayosema kweli. Kama alikuwa nje kwa nusu ya kona tu, hesabu nusu ya mita.

Kosa la kawaida huanzia hapa. Mtu akishaijua hesabu hii, humrudishia farasi mita zote alizopoteza, kisha huona karibu kila mshindwa "angeshinda". Mrudishie nusu. Aliyepita nje hakubanwa, hakusimamishwa, alikuwa na njia wazi ya kuongeza mwendo, na faida hizo zina thamani yake. Tena kwenye sehemu iliyonyooka, kuwa nje hakuongezi hata hatua moja. Scottsville, Pietermaritzburg, kuna mbio za mita 1200 zinazokimbiwa mnyoofu mtupu. Kusema farasi fulani wa mbio hizo "alipita nje" ni maneno yasiyo na hesabu.

Kuna pia siku ambazo nje ndiko kuzuri. Mvua ikinyesha, au nyasi za karibu na uzio zikichakaa kwa kukanyagwa wiki baada ya wiki, wapanda wenyewe huukimbia uzio. Kulijua hilo, tazama mbio zote za siku ile kwenye uwanja ule, si ya farasi wako tu. Washindi wanne kati ya watano wakiwa wamepita katikati ya uwanja, basi aliyepita nje alisaidiwa, na aliyeng'ang'ania uzio akawa wa tatu ndiye wa kuandikwa. Hukumu ya kona bila hukumu ya ardhi ni nusu ya kazi.

Upepo nao umo. Watafiti wa Royal Veterinary College ya Uingereza walichapisha mwaka 2012 uchambuzi wa mwendo wa maelfu ya farasi, wakaonyesha kwamba anayekimbia nyuma ya wenzake huokoa nguvu ya kutosha kubadilisha nafasi atakayomaliza. Mwendesha baiskeli wa Tanga anayejibanza nyuma ya lori upepo wa mbele ukivuma analijua hilo miguuni. Kwa hiyo anayepita nje peke yake bila mtu mbele yake analipa mara mbili, mita na upepo. Anayepita nje nyuma ya mwingine hulipa mita tu.

Mwendo wa mwanzo ndio unaopanga matokeo

Kona inaonekana kwa macho. Mwendo hauonekani, na ndiyo maana una thamani zaidi kwa anayeweka pesa. Farasi akibanwa hadharani, watu wote wameona, na bei yake itashuka. Farasi akiharibiwa na mwendo, hakuna aliyeona kitu. Aliyemo nyuma anaonekana mvivu tu.

Mbio zikianza polepole, walio mbele wanatembea na akiba. Zikifika mita 400 za mwisho kila mtu anafungulia, na wa nyuma hawezi kuwafikia hata akiwa bora, kwa kuwa wa mbele hawajachoka. Zikianza kwa kasi ya wazimu mambo yanapinduka: wa mbele wanakatika, wa nyuma wanawapita kama wamesimama.

Hesabu yake ni ndogo. Chukua muda wote wa mbio, ugawe upate wastani wa kila mita 200. Kisha pima mita 400 za mwisho kwa saa ya simu, tangu anayeongoza anapopita alama ya mita 400, uzigawe kwa mbili. Gawa wastani wa mbio nzima kwa wastani wa mwisho, zidisha kwa 100.

Mfano: mita 1600 kwa sekunde 96.0. Kila mita 200 ni sekunde 12.0. Mita 400 za mwisho zimechukua sekunde 23.0, yaani 11.5 kwa kila mita 200. 12.0 kwa 11.5 ni asilimia 104. Mbio hizo zilianza polepole na kumalizika kwa kasi. Wa mbele walipewa zawadi. Kama mita 400 za mwisho zingechukua sekunde 25.5, kila 200 ni 12.75, na jibu ni asilimia 94: mbele kulikuwa moto, wa nyuma ndio waliopewa zawadi. Usichukue 100 kuwa ndiyo kawaida ya kila mahali. Uwanja wenye mlima mwishoni hutoa namba ndogo, na farasi huanza kutoka kusimama, jambo ambalo huubadilisha wastani, hasa kwenye mbio fupi. Linganisha mbio za umbali uleule kwenye uwanja uleule, angalau kumi, ndipo utajua kawaida yake.

Kwa farasi wa nyuma ongeza hatua moja. Akiwa na mwendo wa mbio, urefu wa farasi mmoja hupita kwa sekunde 0.17 hivi kwenye nyasi nzuri, na kama 0.2 kwenye ardhi nzito. Farasi aliyekuwa nyuma kwa urefu wa farasi wanane kwenye alama ya mita 400, akamaliza nyuma kwa wawili, amerudisha sita, ambao ni sekunde moja. Kama anayeongoza alitumia 23.0, yeye katumia 22.0. Huyo katika mbio za asilimia 104 ni wa kuwekewa alama nyekundu. Katika mbio za asilimia 94, mpite bila huruma: waliokuwa mbele walikuwa wamekufa, na kuwapita wafu si kazi.

Ushahidi mkubwa wa hilo ni Kentucky Derby ya Marekani, Mei 2022. Farasi ishirini, mita 2000 na kidogo. Mita 400 za kwanza zilikwenda kwa sekunde 21.78, mwanzo wa kasi kuliko wote katika historia ya mbio hizo, na mita 800 kwa 45.36. Rich Strike alikuwa huko nyuma kabisa. Waliokuwa mbele walipoanza kukatika, mpanda wake Sonny Leon alimpitisha katikati yao na kuambaa na uzio, akashinda. Bei yake ilikuwa zaidi ya 80 kwa 1, yaani faida ya zaidi ya 80 kwa kila 1 iliyowekwa. Wengi waliamini nyota amezaliwa. Mwezi mmoja baadaye kwenye Belmont Stakes akawa wa sita, na mpaka anaacha mbio hakushinda tena. Hakuwa farasi mbaya. Safari yake ya siku ile ilikuwa nzuri kupita kiasi, na nusu ya kazi ya kusoma safari ni kuwapunguzia sifa washindi wa namna hiyo. Kwa kweli hii ndiyo nusu yenye faida, maana mshindi wa juzi ndiye anayekimbiliwa na watu na bei yake huwa ndogo kuliko inavyostahili.

Upande wa pili yupo Dancing Brave wa Uingereza. Kwenye Derby ya Epsom mwaka 1986 mpanda wake alimwacha nyuma sana mpaka wanaingia sehemu ya mwisho. Akaja kwa kasi ya ajabu akashindwa kwa nusu ya urefu na Shahrastani. Anayesoma tarakimu aliona wa kwanza na wa pili. Anayesoma safari aliona farasi aliyepewa kazi isiyowezekana akakaribia kuiweza. Mwezi Julai walikutana tena kwenye uwanja wa Ascot, Dancing Brave akashinda, Shahrastani akawa wa nne. Oktoba alishinda pia Prix de l'Arc de Triomphe, Paris.

Shida za kweli na visingizio

Kutoka vibaya getini kunatofautiana kwa uzito. Kwenye mita 1000 au 1200, kupoteza urefu wa farasi wawili mwanzoni ni msiba. Kwenye mita 2400 zilizoanza polepole, si kitu. Kibaya zaidi ya kuchelewa ni mpanda kumharakisha farasi arudi mbele ndani ya mita 300. Nguvu iliyochomwa pale hailingani na mita zilizopotea, na farasi huyo huzimika mwishoni. Tazama mikono ya mpanda baada ya kuchelewa: ikitulia, hasara ni ndogo, ikisukuma, andika.

Lakini fungua mbio zake sita zilizopita. Akiwa amechelewa kutoka katika tatu kati ya hizo, hiyo ni tabia, usimrudishie chochote. Vivyo hivyo anayevuta, yaani anayepigana na hatamu akitaka kwenda mbio wakati mpanda anamzuia. Mara moja, katika mbio za polepole, ni bahati mbaya. Kila mara, ndivyo alivyo, na kitakachomponya ni mbio zenye mwendo mkali tangu mwanzo, si huruma yako.

Kufungiwa ndiyo shida inayodanganya kuliko zote. Farasi yuko nyuma ya ukuta wa wenzake, mpanda amekaa kimya, mtangazaji anapaza sauti kwamba hana njia. Usiamini kwanza. Subiri njia ifunguke, kisha hesabu mita 100 hadi 150 zinazofuata. Akichomoka na kuwapunguzia pengo walio mbele, shida ilikuwa ya kweli. Akibaki palepale, mpanda akaanza kusukuma bila jibu, basi ukuta ule ulimficha aibu tu: alikuwa amekwisha kabla hajafungiwa.

Kusimamishwa ghafla kunatambulika kwa ishara mbili kwa wakati mmoja: kichwa cha farasi kinapanda juu, na mpanda anainuka kidogo kwenye vikuku vya miguu akivuta hatamu nyuma. Kinachofuata ni mnyama wa kilo 450 hadi 500 kulazimika kujenga mwendo upya. Ikitokea mita 1000 kabla ya mwisho, ana muda wa kurekebisha. Ikitokea kwenye mita 300 za mwisho, wakati wote wanaongeza, safari imevunjika, na nafasi aliyomaliza futa kabisa, usiihesabu kwa wema wala kwa ubaya.

Baada ya mbio wasimamizi huandika ripoti. Kwa Afrika Kusini mamlaka ya mbio, National Horseracing Authority, huzichapisha: nani aligongwa, nani alidondosha kiatu, nani alionekana kuchechemea, nani alitoka damu puani. Zisome. Kiatu kilichodondoka ni shida ya siku moja. Damu ni ugonjwa, na farasi wa namna hiyo si wa kumwonea huruma kwa pesa.

Namna ya kutazama mbio moja

Mara moja haitoshi. Mara ya kwanza tazama mbio nzima bila kumfuata yeyote, upate picha ya mwendo: wamejipanga mstari mrefu (kasi) au wamerundikana kama dagaa kwenye ungo (polepole)? Mara ya pili tazama mita 400 za kwanza tu na kona. Mara ya tatu mfuate farasi mmoja mwanzo hadi mwisho bila kumtazama anayeongoza. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu, kwa kuwa jicho hukimbilia mbele lenyewe. Funika sehemu ya juu ya skrini kwa kidole ikibidi. Mbio za dakika moja na nusu zitakuchukua dakika kumi. Ukiwa na bando dogo, chagua mbio mbili kwa siku uzimalize vizuri, kuliko nane za juu juu.

Andika kwenye daftari maneno machache yenye namba. "Bahati mbaya" halitakusaidia baada ya wiki tatu. "Mita 1600, nje mita 3 kona nzima, mwendo 104, mkono ulitulia mpaka 300, karudisha sita" litakusaidia. Andika pia wazo lako kabla hujaangalia tena matokeo, maana ukishajua aliyeshinda, kila ulichoona kinageuka kumpendelea.

Leo ni mbio nyingine

Safari mbaya ya jana ina thamani tu kama leo haitarudia. Anza na namba ya geti. Aliyepewa geti la nje mara ya mwisho akalazimika kupita nje, leo amepewa geti la 2? Sawa. Amepewa la 14 kwenye uwanja wenye kona ya karibu? Ataipita njia ileile, na wewe utalipia kosa lilelile. Tazama upande: Kenilworth huzungukwa kwa mkono wa kushoto, Turffontein na Greyville kwa mkono wa kulia, na wapo farasi ambao upande mmoja hunyooka na mwingine huvutwa kwenda nje. Kisha hesabu ni wangapi leo wanapenda kuongoza. Mmoja tu, mbio zitaanza polepole, na farasi wako wa nyuma atakwama tena. Watatu au wanne, watachomana, na hiyo ndiyo siku yake.

Uzito ndio mlango usioonekana kirahisi. Katika mbio za kusawazisha uwezo, farasi hubebeshwa kilo kulingana na alivyomaliza mbio zilizopita. Kwenye mita 1600 urefu wa farasi mmoja huhesabiwa karibu kilo moja. Anayepanga uzito huanzia kwenye matokeo na pengo la kumalizia. Farasi aliyeshindwa kwa urefu wa farasi watano kwa sababu ya kona na mwendo huchukuliwa kuwa dhaifu kwa watano, na huweza kuja tena na mgongo mwepesi. Hapo safari mbaya imegeuka kilo halisi alizopunguziwa, si hadithi.

Sasa bei. Geuza bei ya kila farasi kuwa asilimia kwa kugawa 100 kwa bei hiyo, kisha jumlisha zote. Mbio za farasi saba wenye bei 3, 4, 5, 6, 8, 10 na 12 zinatoa 33.3, 25, 20, 16.7, 12.5, 10 na 8.3. Jumla ni karibu 126. Ile 26 iliyozidi ni ya kampuni. Maana yake, ili urudishiwe shilingi 10,000 kwa yeyote atakayeshinda, ungelazimika kuweka karibu 12,600. Usomaji wako wa safari lazima uizidi tofauti hiyo kabla haujakuingizia hata shilingi. Ukiamini farasi wa bei 8 ana nafasi moja kati ya sita, kuna jambo. Ukiamini ana moja kati ya nane, hakuna, hata kama ulimwona akibanwa kwa macho yako.

Na hapa ndipo mkeka unapoua kazi nzuri. Tuseme kila mbio ina ziada ya asilimia 20. Ukiunganisha farasi wanne, ziada huzidishana: 1.2 × 1.2 × 1.2 × 1.2 ni 2.07. Yaani malipo yako yamekatwa zaidi ya nusu kabla geti la kwanza halijafunguka. Mtu aliyetumia dakika kumi kumchambua farasi mmoja, kisha akamfunga pamoja na watatu ambao hajawatazama, ametupa alichokipata. Aliyesomwa vizuri huwekewa peke yake, kwa kiasi kilekile kila mara, kisichozidi sehemu moja ya hamsini ya pesa uliyoitenga kwa mchezo huu na ambayo ikiisha nyumbani hakuna atakayelala njaa. Walio chini ya miaka 18 sheria haiwaruhusu kubeti kabisa. Kutazama na kuhesabu mita hakukatazwi kwa yeyote, na hata asiyebeti kwa sababu ya dini yake ataziona mbio kwa jicho jingine akishazijua kona.

Jina lililoandikwa daftarini lisikae humo milele. Farasi aliyeandikwa kwa safari mbaya mpe mbio mbili zenye masharti mazuri: geti linalofaa, mwendo unaofaa, umbali uleule. Akishindwa zote mbili kwa safari safi, kata jina kwa mstari mmoja, uandike tarehe pembeni. Na wale walioshinda kwa safari nzuri mno, waandike ukurasa wa nyuma. Mara watakapokuja tena wakiwa na bei ndogo, tafuta ni nani mwingine katika mbio hizo aliyelipia mita ambazo hakuna aliyezihesabu.